Benchi Lililomruka Odeta

Nyie vijana mnaojaza sebule yangu nyaya kila Jumamosi, sogeeni kidogo na mimi nikae. Mjukuu wangu Faraja anawafundisha vizuri, sina ugomvi naye. Ila juzi nilimsikia akiwaeleza listi za Python, hiyo lugha yenu ya kuiamuru kompyuta, mpaka jasho linamtoka, na nyie mmemkodolea macho tu. Nikarudi jikoni nikacheka peke yangu. Listi? Mimi nimefanya kazi na listi katika unesi wangu wote, tena listi yenye miguu, inayonyonyesha na kulalamika. Sisi tuliiita benchi.

Msidhani bibi anawatania. Nimekaa na Faraja, nimeandika mwenyewe kwa vidole hivi viwili, nimekosea kuacha nafasi mwanzo wa mstari mpaka kompyuta ikanifokea kwa maandishi mekundu. Nilikasirika, nikanywa chai, nikarudi, nikaelewa. Na mimi nikishaelewa kitu nimeelewa. Sasa kuna jambo moja kwenye listi ambalo Faraja amewapitisha mbio mbio, na jambo hilohilo nusura lituulie mtoto mimi nikiwa nimemshika mikononi. Mtoto huyo aliitwa Odeta. Nitamfikia, lakini kwanza mlijue benchi.

Miaka ya tisini nilikuwa nesi kwenye zahanati ya kijiji, ukitoka Mpanda ukapita Kasokola ukaendelea mbele. Jina lake niliache. Tulikuwa wawili, mimi na Mganga Sichalwe, Mfipa mrefu, mkali, aliyependa utaratibu kuliko chakula. Siku ya kliniki ya watoto akina mama walitoka kila upande: Wabende, Wakonongo, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wale tuliokuwa tukiwaita Warundi, waliokimbia vita kwao wakapewa mashamba huku, ambao leo wengi wao ni Watanzania kama mimi na wewe. Na kila kliniki ilianza na ugomvi mmoja barazani, nani amekuja kwanza.

Sichalwe akachoka. Akaenda kwa fundi seremala, akarudi na benchi refu la mninga lililotoka mlangoni hadi mwisho wa baraza, na kopo la rangi nyeupe. Akapiga magoti akaanza kuchora namba mahali pa kukaa, moja baada ya nyingine. Pale pa kwanza, karibu na mlango, akachora sifuri.

"Mganga, sifuri si kitu hiyo," nikamwambia. "Nani atakubali kukaa kwenye sifuri?"

"Tekla, hii namba haisemi wewe ni wa ngapi. Inasema una watu wangapi mbele yako. Huyu wa mlangoni ana wangapi mbele yake?"

"Hana mtu."

"Basi nimeandika hana mtu. Lete brashi ile ndogo."

Kwa hiyo wewe kijana wa kofia, uliyemuuliza Faraja kwa nini Python inaanza kuhesabu na sifuri, jibu lako ni hilo. Usiisome kama cheo. Ukiandika benchi[0], unamtaka yule asiye na mtu mbele yake. Ukiandika benchi[3], unamtaka aliyetanguliwa na watatu. Mkilishika hilo hamtasumbuka tena, na mtaacha kumtaka mtu wa nane kwenye benchi la watu wanane kwa kuandika nane. Pale nane hakuna mtu, pana ukuta, na kompyuta itawaambia hivyo bila kuona haya.

Akina mama wenyewe hawakuhangaika na namba sana. Mtu akifika anauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" Mmoja anajibu, "Mimi hapa," na mgeni anakwenda kukaa pembeni yake. Nyie wenyewe mnafanya hivyo mpaka leo, benki, kwa kinyozi, kisimani. Hiyo kwenye Python ni append. Huhitaji kujua benchi lina watu wangapi, unamtafuta wa mwisho tu na kukaa baada yake. Na Python inamjua wa mwisho kwa jina lake la pekee, hasi moja. benchi[-1], basi, awe wa tano au wa hamsini.

Akija mtoto wa degedege, hapo hakuna kuuliza wa mwisho. Anaingizwa mwanzo kabisa, na benchi zima linabidi lirudi nyuma nafasi moja moja. Mnisikie: zima. Mama aliyekuwa sifuri anakwenda moja, wa moja anakwenda mbili, na ndoo, na vikapu, na watoto waliolala, na manung'uniko. Kompyuta nayo inafanya kazi hiyohiyo mkiandika insert na sifuri, ila yenyewe hainung'uniki, ndiyo maana mnadhani ni bure. Listi ikiwa kubwa sana mtaona inavyopumua kwa shida.

Na listi haichagui kinachokaa juu yake. Mama anayetaka kwenda chooni aliacha jiwe mahali pake, au kandambili, au kibuyu. Siku moja Mganga alichungulia dirishani, akahesabu haraka, akasema leo watu ni wengi, tuongeze maji ya kuchemsha sindano. Kumbe nusu ya watu aliowaona ni kandambili, vibuyu na mawe, wenyewe wako nyuma ya jengo wanachambua mboga. Len ya Python ni Mganga dirishani. Inahesabu kila kilichokaa, haiulizi kama ni mtu.

Kingine, ngoja nicheke kwanza. Benchi lilikuwa moja lakini lina majina mawili. Sisi tuliliita benchi la kliniki. Akina mama wengi waliliita benchi la homa. Tukaletewa nesi wa kushikilia siku moja ambayo mimi nilikuwa na msiba, binti mwenye haraka zake. Akaona jua linapanda na watu hawaishi, akatoka barazani akatangaza, "Wa benchi la kliniki nendeni mrudi kesho! Wa benchi la homa mbaki!" Wenye kulijua kama la kliniki wakanyanyuka, wakawaambia wenzao twende tumefukuzwa. Akaingia ndani kuchukua kipimajoto, kutoka nje akakuta mninga mtupu unameta. Alitaka kupunguza benchi moja abaki na lingine, na hakukuwa na lingine. Nyie mkiandika benchi_la_homa = benchi_la_kliniki, hamjatengeneza benchi la pili. Mmelipa benchi lilelile jina la pili, na ukimtoa mtu kwa jina hili ametoka kwa majina yote. Ukitaka la pili kweli, andika benchi_la_kliniki.copy(). Hapo kompyuta imetuzidi, sisi kunakili akina mama hatukuweza.

Sasa tumfikie Odeta.

Mama yake alikuwa mmoja wa wale Warundi. Mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, Kiswahili chake kidogo na cha polepole. Hakuwa anauliza nani wa mwisho. Alisimama kwenye nguzo ya baraza, akatazama benchi kwa macho mpaka akamjua wa mwisho mwenyewe, kisha akaja kukaa taratibu, ukingoni, utadhani benchi lina joto. Nilimwona hivyo mara nyingi na sikujiuliza kitu, kila mtu ana tabia yake.

Utaratibu wa Mganga ulikuwa huu. Anaanza sifuri na kipimajoto. Anakiweka kwapani mwa mtoto, anangoja, anasoma. Mtoto hana homa, abaki hapohapo, atakuja kwangu kwenye mizani baadaye. Mtoto ana homa, Mganga anamchukua yeye na mama yake, anawaingiza ndani, anampa dawa ya kwanza yeye mwenyewe kwa kijiko, halafu anarudi barazani kuendelea na namba inayofuata. Alikuwa na kumbukumbu kali. Akitoka ndani utamsikia, "Nilikuwa tatu, sasa nne," na anakwenda moja kwa moja kwenye nne.

Umeona tatizo? Sisi hatukuliona, na tulikuwa na akili zetu timamu. Watu wetu hawawezi kukaa na pengo kwenye benchi. Mtu akinyanyuka, wa pembeni yake anasogea, na mwingine anasogea, mpaka benchi limefungana tena. Hakuna anayewaambia, makalio yenyewe yanajua. Basi Mganga akishamwingiza ndani mama wa namba tatu, yule wa namba nne anateleza anakaa kwenye tatu. Mganga anarudi, anakwenda kwenye nne, na pale anamkuta aliyekuwa namba tano. Wa namba nne ameshapitwa. Amekaa kwenye namba ambayo kichwani mwa Mganga imekwisha.

Mtasema, yaani hakuna aliyegundua? Waligundua! Mwenyeji akipitwa anapiga kelele hapohapo, "We Mganga, mimi umeniruka, hunioni?" Mganga anageuka, anaomba radhi, anampima, kazi inaendelea. Yeye anadhani amechoka tu. Kila siku benchi letu lilikuwa linakosea, na kila siku kelele zilikuwa zinalisahihisha. Ndiyo maana kosa liliishi miezi na miezi tukiliona kama usahaulifu. Alibaki kurukwa kweli yule tu asiyepiga kelele.

Basi siku moja ya kliniki, Mganga alipomaliza benchi, waliobaki wakaja kwangu kwenye mizani, ile ya kuning'inia kwenye boriti. Nikampokea Odeta nimvishe ile kaptula ya kupimia. Mikono yangu ikashtuka kabla ya kichwa. Mtoto alikuwa anachoma kama sufuria. Shingo imelegea, macho yamepanda juu.

"Mama, huyu amepimwa homa?"

Akatikisa kichwa.

"Mganga hakufika kwako?"

"Alipita."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanitazama bila hasira yoyote. "Nilifikiri mnaanza na wenyeji. Na mwezi ule mwingine pia alinipita. Nikasema, sawa, ni kwao."

Kabla sijajibu, Odeta akakaza mwili na degedege likamshika mikononi mwangu. Nilipiga ukelele mmoja Mganga akaruka nje na kijiko mkononi. Tukamlaza ubavu, tukamvua nguo, tukampooza kwa maji, Mganga akamchoma sindano. Alipotulia kidogo, Mganga alimbeba yeye mwenyewe hadi barabarani, akalisimamisha lori la tumbaku linalokwenda Mpanda, akampandisha Mama Odeta mbele kwa dereva na kumkabidhi mtoto. Lori likaondoka. Tukabaki pale na vumbi, na mimi nikaanza kulia waziwazi, kwa sababu lile neno "ni kwao" lilikuwa limenichoma kuliko homa ya mtoto.

Tuliporudi barazani nikamwambia Mganga yote. Akawaka. "Mimi? Mimi nibague mtoto? Nilipima wote! Sifuri mpaka mwisho, sikuruka namba hata moja!"

"Hukuruka namba, Mganga. Umeruka mtu."

"Benchi langu halina kosa, Tekla."

Mama Kulwa, jirani yetu, Mkonongo mwenye mdomo, alikuwa bado anafunga mtoto mgongoni. Mtoto wake alikuwa na homa siku ile na aliitwa ndani kabla tu ya zamu ya Odeta. Nikamwambia akae. Nikawaita na wengine waliobaki, wakakaa kama walivyokuwa asubuhi, na mahali pa Mama Odeta nikaweka kikapu changu. "Sasa Mganga, pima." Akaanza kwa hasira, sifuri, moja, akafika kwa Mama Kulwa, akampeleka ndani. Benchi likasogea lenyewe, na mama mmoja akakivuta kikapu changu kwenye pengo bila hata kufikiri. Mganga akatoka, akataja namba inayofuata kwa sauti, akaenda pale, akainama. Halafu akasimama. Akakitazama kikapu kilichokaa nyuma yake. Akakaa sakafuni, mtu mzima yule, na miguu yake mirefu.

"Nilikuwa naangalia namba," akasema. "Sikuangalia nyuso."

Leo nimemwomba Faraja anisaidie kuliandika, mlione kwa macho yenu:

benchi = ["Zawadi", "Kulwa", "Odeta", "Yusto"]
wenye_homa = ["Kulwa", "Odeta"]

for mtoto in benchi:
    if mtoto in wenye_homa:
        benchi.remove(mtoto)

print(benchi)

Mngetarajia wabaki Zawadi na Yusto. Endesheni. Mtaona Zawadi, Odeta na Yusto. Odeta bado yuko barazani anaungua. Kulwa alipotolewa, Odeta aliteleza kwenye namba moja, na for, inayopita mmoja mmoja kama Mganga, ikasema nilikuwa moja sasa mbili, ikaenda kwa Yusto. Na hakuna maandishi mekundu! Kompyuta imemaliza kazi yake na roho nyeupe, kama Mganga wangu. Tena mkiweka majina ambayo wagonjwa hawakupakana, programu itatoa jibu sahihi, na mtaondoka mkifurahi. Ndiyo maana nawaambia mlijaribu kwa wagonjwa wawili waliokaa pamoja. Na nyie kwenye listi zenu hamna Mama Kulwa wa kupiga kelele. Wote waliokaa humo ni Mama Odeta.

Dawa tulianza kuitafuta siku hiyohiyo. Kliniki iliyokuja, Mganga akapiga marufuku kusogea. Marufuku haikufika hata saa sita, hakuna aliyeweza kukaa na tundu pembeni yake, hata mimi nilipojaribu. Kliniki iliyofuata akaanzia mwisho wa benchi kurudi mlangoni. Hiyo ilifanya kazi, nakiri, maana mtu akitoka wanaosogea ni wale aliokwisha kuwapima. Python nayo inakubali mkipita kinyumenyume. Lakini akina mama waliotoka nyumbani alfajiri wakajikuta wanapimwa nyuma ya waliochelewa, na wakamsema Mganga maneno ambayo sitayarudia hapa.

Dawa ya kweli ilikuwa benchi la pili. Tukaliazima kanisani. Mganga akasimama mlangoni kwenye sifuri na hakutembea tena. Anayefika mbele yake anapimwa. Ana homa, ndani. Hana, anakwenda kukaa kwenye benchi la kanisa. Benchi la mninga likaachwa lisogee litakavyo, maana sasa kusogea kulimletea watu badala ya kumfichia watu. Likibaki tupu, ujue hakuna aliyesahaulika. Nanyi fanyeni hivyo, listi ile muisome tu, msiguse mtu, na wanaobaki muwaweke kwenye listi mpya:

wazima = []
for mtoto in benchi:
    if mtoto not in wenye_homa:
        wazima.append(mtoto)

Mistari minne. Kanisa lilitudai benchi lake mpaka nikaona aibu kwenda misa.

Na Odeta? Dereva wa lori alipita baada ya siku kadhaa akatuambia mtoto ameamka na ameomba uji. Nikapiga vigelegele, Mganga akajifanya anatafuta kitu kabatini. Lakini kliniki ikaja, Mama Odeta hakuja. Ikaja nyingine, hakuja. Mtoto alikuwa bado ana chanjo za kumalizia, na mimi nilijua kinachomzuia, maana kwake yeye lile halikuwa kosa la benchi. Mganga akapanda baiskeli yake akaenda mpaka kwao, mbali, kwenye mashamba ya mihogo. Alirudi jioni na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia benchi lilikosea, na mimi nililitengeneza. Nimemwomba aje aone lingine."

"Akasemaje?"

"Amesema ataona."

Kliniki iliyofuata alikuja. Odeta mgongoni, macho makubwa, anatafuna ncha ya kitenge. Mama yake akasimama kwenye nguzo kama zamani. Lakini safari hii hakuwa anamtafuta wa mwisho. Alikuwa anamtazama Mganga. Akaona mtoto wa sifuri anapimwa, anakwenda benchi la kanisa. Akaona wa pili anaingizwa ndani, benchi likasogea, na aliyesogea akapimwa yeye. Akaona wa tatu. Akatazama muda mrefu, mimi nimeshika mizani nashindwa kusoma kilo. Nilitaka kumwita, nikajizuia, nikaona hilo ni la kwake.

Kisha akatoka kwenye nguzo. Akasimama katikati ya baraza, akaweka kitenge sawa, na kwa Kiswahili chake cha polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akauliza:

"Nani wa mwisho?"

"Mimi hapa, Mama Odeta," akajibu Mama Kulwa, akapangusa vumbi kwa kanga yake kwenye namba iliyofuata, pembeni yake.